Nje ya Mlango wa Chrispine

Mzee Cephas alikuwa na jibu lake tayari, tena jibu zuri, kwa sababu lilikuwa la kweli. Wakili wa mwanawe alikuwa amemwelekeza mara tatu: ataulizwa kama alimwona Chrispine akimpiga mkewe, naye atasema hakuona. Basi. Na kweli hakuona. Kwa Wajaluo baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na Cephas, seremala aliyepiga randa kila ubao wa nyumba ile, hakuwahi kukanyaga ndani tangu Roseline, mke wa mwanawe, aletwe pale.

Kesi ilikuwa ya Marion, mtoto wao wa miaka mitano. Roseline alikuwa amekimbilia kwao Migori miezi minane iliyopita, jino moja limeng'oka, na mtoto amezuiwa na baba yake. Sasa alikuwa ameiomba mahakama ya Homa Bay impe binti yake. Chrispine naye alitaka abaki naye, ingawa tukisema ukweli yeye alishinda kisiwani Remba kwenye biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, na aliyemwogesha Marion, akampikia uji na kumfunga viatu ni babu yake. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Kabla ya mtoto yule kuhamia kwake, nyumba ilipoa hadi akawa anazungumza na misumari. Usimcheke. Akimpoteza Marion, angerudi kwenye misumari yake.

Wakili aliuliza lile swali. Cephas akajibu kama alivyofunzwa, wakili akaketi ameridhika, na mambo yangeishia hapo. Lakini hakimu, mama mmoja wa sauti ya chini aliyekuwa akiandika polepole, alitaka kujua ilikuwaje asione ilhali wanaishi boma moja. Cephas akamweleza mila. Alipenda kueleza mila, na siku hiyo aliieleza kwa urefu kuliko ilivyohitajika. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza siku hizo za ugomvi yeye alikuwa anasimama wapi.

Hapo mzee akamtazama Roseline, jambo ambalo alikuwa amelikwepa tangu asubuhi. Hakuwa akilia. Alikuwa anaangalia mikono yake mapajani, kama mtu ambaye ameshasikia jibu na anangoja tu aruhusiwe kwenda. Cephas aliona aibu, ile ya mtu mzima, isiyo na haraka.

"Nje ya mlango," akasema.

"Mara ngapi?"

"Mara nne. Labda tano. Nilikuwa nasikia viti vikianguka, nasikia huyu mama akiomba. Nilikuwa nangoja kunyamaze, halafu narudi kwangu kulala."

Chrispine alitoa neno la Kijaluo lisiloandikika, akaamriwa anyamaze.

Baada ya wiki mbili uamuzi ukasomwa. Marion ataishi Migori na mama yake. Baba yake atamwona mara mbili kwa mwezi, ofisini kwa afisa wa watoto, afisa mwenyewe akiwepo. Kuhusu babu, karatasi haikusema lolote, maana hakuna aliyekuwa amemwombea. Hilo halikumtisha. Alikuwa amepanga kuomba mwenyewe, kwa mdomo wake, awe anakwenda Migori Jumapili moja moja kumwona mtoto. Aliamini Roseline hatamkatalia. Kwani si ni yeye aliyempa ushindi?

Walikutana nje, karibu na lango la mahakama, Marion akiwa kando yao. Mzee alimkabidhi begi la nguo za Marion, alizozifua na kuzikunja mwenyewe. Roseline alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu. Kisha akazungumza bila hasira, na heri angekuwa na hasira.

"Baba, mimi nilikuwa nadhani sauti haifiki kwako. Kila asubuhi nilikuwa nakusalimia nikijua wewe hujui."

Ombi lake la Jumapili lilikuwa pale pale ulimini, na halikutoka. Marion akamshika mkono, akamuuliza kama anakuja nao. Mzee akamwambia hapana, yeye anabaki, kisha akainama kuunyoosha ukosi wa sweta ya mtoto, ukosi ambao mama yake alikuwa ameshaunyoosha.