Komeo Liko Upande Wetu

Fundi seremala alikuwa anakunywa chai ya asubuhi, penseli sikioni, alipouona mlango mpya kwenye ukuta wa sebule yake, kati ya kabati la vyombo na picha ya Mkubwa. Jana yake haukuwepo. Aliweka kikombe chini, akausogelea, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ulikuwa wa mti mgumu, umepigwa randa vizuri na kutiwa vanishi. Kazi safi, alisema moyoni, ila si yangu.

Jioni iliyotangulia Mkubwa alikuwa amehutubia taifa redioni. Alisema nchi ya ng'ambo ya mpaka si nchi, ni chumba cha nyumba yetu kilichofungwa na watu wasiotutakia mema. Nyumba ni moja, alisema, na baba ni mmoja. Wengi mtaani walipiga makofi ili waonekane. Fundi alipiga akiwa peke yake sebuleni, na alipiga kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa na binti ng'ambo. Binti huyo aliolewa na fundi umeme wa huko, enzi watu wakivuka mpaka na mkate kwapani. Kisha wakubwa wakakosana, mpaka ukafungwa, mjukuu akazaliwa na kuota meno babu yake asimjue hata sura. Mtu akikuahidi kukurudishia mwanao, humuulizi maswali mengi.

Kila nyumba mtaani ilikuwa imepata mlango wake. Dereva mstaafu wa jirani alipewa wa kwake bafuni, ukifungukia banda la kuku la mtu, na tangu siku hiyo alioga huku akitazamwa. Mwenye nyumba ya kona aliangukia duka la viatu, na hakulalamika.

Fundi akavuta komeo, akasukuma. Ng'ambo kulikuwa na jiko, na binti yake alikuwa anakoroga chakula cha mtoto.

"Baba! Umepita wapi?"

"Sebuleni."

"Haya, pita, usisimame mlangoni. Mshike huyu, mikono yangu imejaa."

Akamshika mjukuu wake, akalia bila kuona haya.

Hata hivyo alikuwa ametengeneza milango maisha yake yote, na jicho la kazi halina likizo. Mlango wa chumba cha kulala huwekewa komeo kwa ndani, ili aliyelala ajifungie. Wa stoo huwekewa kwa nje, maana magunia hayaombi ruhusa ya kutoka. Huu ulikuwa na komeo upande wake yeye, na upande wa binti yake ulikuwa mtupu. Aliliona hilo siku ile ile. Akajiambia ni kosa la aliyeutengeneza, akanyamaza, kwa kuwa furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni.

Zikapita wiki za raha. Binti alikuja kuazima chumvi na kusahau kuirudisha. Mkwe alikuja na bisibisi zake, akaitengeneza redio ya mzee iliyokuwa inakwaruza, ikawa inasikika hadi barabarani. Mtoto alijifunza kutambaa kutoka nchi moja kwenda nyingine, akifuata maranda ya mbao. Fundi aliifuta vumbi picha ya Mkubwa kila alipopita, na alikuwa anamshukuru kweli.

Asubuhi moja alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, mtu akabisha mlango wa barabarani.

"Hodi!"

"Karibu," alijibu, hata kichwa hakuinua. Aliyelelewa na wazazi wake akisikia hodi hana jibu jingine.

Akaingia ofisa kijana aliyechana nywele vizuri. Akapangusa buti kwenye kizulia, akasema, "Shikamoo mzee." Nyuma yake wakaingia askari, mmoja mmoja, kila mmoja akipangusa buti na kila mmoja akitoa shikamoo, na fundi akaitika marahaba hadi mdomo ukakauka. Walipita kati ya kabati na picha, wakaingia jikoni kwa binti yake, wakaendelea mbele. Bunduki moja kubwa ya magurudumu ilikwama mlangoni. Wakaivuta, wakaisukuma, wakaanza kuukwaruza ubao.

"Ilazeni ubavu," alisema fundi, maana hakuweza kuona mlango mzuri ukiumizwa. "Kama mnavyoingiza kabati."

Wakailaza, ikapita. Ofisa akamshukuru sana. Kufika jioni kizulia kilikuwa kimekwisha, zimebaki nyuzi.

Redioni hawakusema vita. Walisema majeshi yetu hayajavamia mtu: yamebisha hodi, yamekaribishwa. Kisha wakaweka sauti ya fundi mwenyewe, "Karibu," imetulia, imenyooka, na wakawa wanairudia kati ya wimbo na wimbo. Fundi hakuuliza waliinasaje. Ilisikika vizuri mno, shukrani kwa mkono wa mkwe wake.

Mkwe aliuliza swali moja tu: nani aliwakaribisha? Askari walimwambia twende ukapewe jibu. Akaenda, na hakurudi.

Binti yake akaja hadi kizingitini, mtoto kiunoni. Safari hii hakuvuka.

"Baba, ile sauti ni yako?"

"Walibisha hodi, mwanangu. Ningesema nini?"

"Ungeuliza ni nani."

"Mwanangu, mimi..."

"Na komeo? Wewe ndiye fundi wa milango. Hukuona liko upande gani?"

Angeweza kudanganya, ila alimlea mwenyewe, angejua. "Niliona," alisema.

Binti akaurudisha mlango taratibu. Hakuwa na komeo la kufungia, kwa hiyo akaegemeza meza. Askari waliiondoa meza hiyo kwa upole kila asubuhi, na yeye aliirudisha kila jioni.

Fundi akaenda ofisi ya chama, kwa katibu wa mtaa ambaye watu walimwita Bwana Umoja kwa sababu hakumaliza mazungumzo bila neno hilo.

"Nimekuja kuichukua karibu yangu," alisema. "Nimeghairi."

"Karibu haina kurudi, mzee. Kwa ajili ya umoja."

"Niliitoa kwa adabu tu."

"Na sisi tumeingia kwa adabu. Kuna askari hata mmoja hakukuamkia?"

Fundi akafikiri. "Waliniamkia wote."

"Sasa?"

"Mkwe wangu yuko wapi?"

"Nyumba ni moja. Mtu atapoteaje ndani ya nyumba moja?" Bwana Umoja akasimama kumsindikiza. "Hebu ukitoka niangalizie bawaba hiyo, inapiga kelele."

Fundi aliikaza bawaba. Mikono yake iliikaza kabla hajaamua, na njiani alijichukia kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Alipofika nyumbani alilifungua komeo kwa bisibisi, akalitia mfukoni. Kabla hajavuta kiti akae, jingine lilikuwa limeota pale pale, nene zaidi. Akalifungua na hilo. Lilipoota la tatu akaacha, akaitoa picha ya Mkubwa ukutani, akasimama mbele ya mlango. Hakutaka kuusukuma. Alitaka afunguliwe.

"Hodi," alisema.

Alisikia maji yakimiminwa, vikombe vikigongana. Binti yake alikuwepo, na alikuwa amesikia.

"Hodi, mama. Ni mimi."

Maji yakakoma.

"Hodi."

"Karibu!" ikajibu sauti ya mwanamume, na meza ikaburutwa.

Ofisa kijana alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkwe, vifungo vya shati wazi, anakunywa chai. "Pita ndani mzee," alisema. "Hapa ni kwako."

Binti alimletea baba yake kiti, akakipangusa kwa kitambaa, akakiweka pale wanapoketi wageni, akarudi kwenye vyombo. Mtoto alikuwa anatambaa kati ya buti. Fundi akakaa, mikono magotini, na ndipo alipouona mlango kwenye ukuta wa mbali, kati ya rafu ya sufuria na dirisha. Mti mgumu, vanishi nzuri. Komeo lilikuwa upande wa huku.

Jioni iliyotangulia Mkubwa alikuwa amehutubia tena. Alisema chumba bila ua si chumba, na kwamba nchi iliyo mbele ya chumba hicho ilikuwa ua wetu tangu zamani.

Ofisa akafunga vifungo, akachana nywele. Askari walikuwa wameshapanga mstari, wanapangusa buti. Binti akatupa kikombe, akaukimbilia mlango ule, akaupiga kwa viganja.

"Msijibu!" alipiga kelele. "Ulizeni ni nani!"

Fundi naye akasimama, akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Ule ulikuwa mlango mzuri, na haukupitisha makelele, ila hodi tu. Ofisa akamsogeza binti kando, taratibu, akabisha mara moja tu.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni ndani," akajibu mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa pili, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kupata wageni.

Ofisa akavuta komeo. Kisha akamgeukia fundi.

"Samahani mzee wangu," alisema kwa heshima zote. "Ile bunduki, tuilaze ubavu upi?"

Binti yake aligeuka pale alipokuwa, akamtazama, akisubiri atajibu nini.