Matairi Mapya ya Aristides

Aristides Kagaruki alikuwa na pikapu isiyo na kosa lolote, na hilo ndilo lililomkera. Ilibeba mikungu ya ndizi kutoka Buganguzi hadi sokoni Muleba, ikarudi na chumvi na sabuni za duka la mke wake, Edvina, na hakuna aliyegeuza shingo kuitazama. Kisha siku moja mjini Bukoba aliona, nje ya hoteli moja karibu na ziwa, pikapu kama yake, rangi ile ile, lakini imesimama juu ya matairi makubwa yenye meno kama ya trekta. Vijana walikuwa wanapanga foleni kupiga nayo picha. Aristides akasahau shughuli iliyompeleka mjini.

Fundi aliyemfungia matairi ya namna hiyo aliitwa Mayenga, naye hakuwa mtu wa kumharibia mteja furaha. Matairi yalipogoma kuenea, alichukua nyundo akayaponda madigadi mpaka yakakubali. Kisha akarudi nyuma, akakunja mikono, akasema, "Mzee, sasa una gari. Ile nyingine ilikuwa toroli."

Neno hilo Aristides alilisambaza Buganguzi nzima kabla jua halijazama.

Shemeji yake, Avit, kaka yake Edvina, ni mwalimu wa fizikia. Alilizunguka gari, akagonga tairi moja kwa ncha ya kiatu.

"Shemeji, haya ni marefu na mazito kuliko yale ya mwanzo. Injini ni ile ile, gia ni zile zile. Ukiwa na mzigo mlimani utapata shida. Na breki nazo..."

"Mwalimu," Aristides alimkatiza, "wewe una gari?"

Avit alikuwa na baiskeli. Waliokuwepo walicheka, na mjadala ukaishia hapo.

Edvina hakucheka. Nyuma ya pikapu sasa kulikuwa juu kiasi kwamba wanawake waliozoea kuinua mkungu na kuutua pale walilazimika kupandia meza. Yeye mwenyewe, ili akae kiti cha mbele, alihitaji kigoda, mkono wa mumewe na sala fupi. Usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mafuta yaliyotosha kwenda Muleba na kurudi yakawa yanaishia njiani. Hata mshale wa spidi ulianza kudanganya, maana tairi kubwa linameza barabara ndefu zaidi kila likizunguka, na mshale haukuambiwa. Trafiki alipomsimamisha kwa mwendo kasi, Aristides aliapa kwamba mshale ulisoma hamsini.

"Basi mshushe huyo mshale," alisema trafiki, "nizungumze naye."

Yote hayo Aristides aliyaita gari kuzoea miguu mipya.

Ikafika siku ya kupeleka mahari ya mpwa wake, Abel, kwa kina Jovina, mlimani juu ya Kemondo. Aristides ndiye aliyeteuliwa kuwa msemaji wa ukoo. Abel alipendekeza wakodi gari la abiria.

"Mnataka kuniaibisha?" aling'aka Aristides. "Mimi nipo, gari lipo!"

Wakapakia madumu ya pombe ya rubisi, mikungu ya ndizi, mbuzi wawili na mablanketi. Juu ya mzigo wakaketi mashangazi katika magauni yao ya Misa, pamoja na Abel na Avit aliyevaa suti. Kwenye lami walikwenda vizuri, na Aristides alipiga honi kwa kila aliyemjua na asiyemjua. Shida ilianza walipoiacha lami na kukunja kupanda mlima.

Gia ya tatu ilikohoa. Akaweka ya pili, gari likatetemeka. Akaweka ya kwanza, injini ikalia kama ng'ombe anayechinjwa, na pikapu ikapanda kwa mwendo wa konokono hadi katikati ya mlima, ikasimama. Harufu ya klachi inayoungua ikawafikia mashangazi. Kisha, polepole, gari likaanza kurudi nyuma.

"Breki, Aristides!" alipiga kelele Shangazi Kokushubila.

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga tena!"

Abel aliruka chini, akatupia mawe nyuma ya matairi, ndipo likatulia. Mashangazi wakaanza kushuka, jambo ambalo halikuwa jepesi. Kokushubila, mwanamama mwenye mwili wake, alining'inia ubavuni mwa gari, mguu mmoja ukitafuta ardhi hewani.

"Umenipandisha juu ya paa la nyumba," alifoka, "sasa nishushe!"

Wakasukuma. Avit alisukuma huku akieleza, jasho likimtiririka ndani ya tai. "Unaona, kipenyo cha gurudumu kikiongezeka, nguvu inayofika..."

"Sukuma, mwalimu!" walimjibu kwa pamoja.

Haikusogea. Ndipo nyuma yao ikatokea pikapu kuukuu, matairi membamba, imejaa magunia ya dagaa wa Kemondo. Mwenye gari, mfanyabiashara aitwaye Mastura, alitoa kichwa dirishani.

"Poleni, jamani. Mnazika wapi?"

"Tunapeleka mahari," alisema Abel.

"Ee! Kwa sura hizo?"

Hata hivyo alikuwa mtu wa huruma. Mbuzi, madumu na mashangazi wakahamishiwa juu ya magunia. Aristides alikataa kuliacha gari lake.

"Tangulieni. Likipoa kidogo, nitawapita huko njiani."

Mastura aliweka gia ya pili, akaondoka bila kelele. Aristides akabaki ameketi kwenye jiwe, akiipepea injini kwa kofia. Wapita njia walisimama, wakaitazama pikapu yake kwa makini sana. Kwa mara ya kwanza alitamani wasiitazame.

Kwa wakwe, ujumbe uliingia uani ukinuka dagaa. Mzee Mushumbusi, msemaji wa upande wa binti, alivuta pumzi, akasema kwa upole, "Karibuni sana. Mmekuja kuoa, au mmetuletea kitoweo?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Kwa kuwa msemaji hakuwepo, Avit alisimama badala yake. Alizungumza kama anayefundisha kidato cha pili, lakini alieleweka, mahari ikapokewa, na Jovina akatoka kusalimia wageni.

Aristides alifika kwa bodaboda wakati sahani zinaoshwa, koti limejaa vumbi, klachi imekufa mlimani.

"Na huyu ni nani?" aliuliza Mushumbusi.

Abel alifungua mdomo. Kokushubila akamuwahi. "Ni dereva wetu."

"Basi mpeni dereva chakula."

Akapewa kule kibarazani, ndizi zilizopoa. Alikula mpaka zikaisha.

Siku hizi pikapu inatembelea matairi ya kawaida, kwa amri ya Edvina, na yale makubwa yako nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani yake. Aristides husema klachi ilikuwa feki, na mlima ule ulichongwa vibaya. Bodaboda wa Kemondo hawabishani naye. Ukiwaambia unakwenda kwenye mlima ule, watakuuliza tu, "Chini, au pale kwa Aristides?"