Askari wa Meja

"Usipumue," Mama Meno alijiambia, akakishusha kibano polepole mpaka mkanda wa helmeti ukagusa kidevu cha askari. Mkanda wenyewe ulikuwa uzi aliouchomoa kwenye soksi kuukuu na kuulowesha gundi. Askari alikuwa na urefu wa kiganja. Alikuwa amepiga goti moja, bunduki begani, pedi kwenye magoti, fulana nene ya kuzuia risasi kifuani. Juu ya helmeti kulikuwa na kichuma kidogo cha kupachikia darubini ya kuonea gizani. Macho hakuwa nayo bado.

Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza meno bandia, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita hivyo. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: nta, jasi, tupa ndogondogo, taya za watu zikikauka dirishani. Alianza kuchonga askari mdogo wake alipoajiriwa jeshini. Mtu akimuuliza sababu, alijibu kwamba walau hawa anajua wanalala wapi.

"Nyumba imekuwa kambi," mama yake alilalamika akipita na ndoo. "Siku moja watanidai kitambulisho nikienda chooni."

"Huyu si wetu, mama. Ni wa Meja."

Meja alikuja mara ya kwanza kwa ajili ya meno yake ya mbele. Aliporudi kuyachukua, aliitazama rafu ya askari kwa muda mrefu, kisha akasema mkubwa wake anastaafu na angependa kumzawadia mmoja, wa kisasa. Alileta picha zilizopigwa mbele, nyuma na ubavuni. Aliyepigwa picha alikuwa amefunikwa kitambaa cheusi usoni, yanaonekana macho tu. Meja akatoa pia kipande cha nguo kilichokatwa kwa mkasi kwenye mkono wa sare.

"Rangi iwe hii hii. Mkubwa wangu ana jicho kali. Na usimwoneshe mtu mpaka nije."

"Hata mama yangu? Tunalala chumba kimoja."

Meja alicheka, meno mapya yakang'aa. "Akina mama hatuwahesabu," akasema.

Rangi ndiyo iliyomsumbua. Alizoea mabaka ya msituni, kijani juu ya udongo, na mkono wake uliyajua kama unavyojua njia ya kwenda sokoni. Kitambaa hiki hakikuwa na jani hata moja. Kilikuwa na kijivu cha saruji, wekundu wa tofali lililofifia, weusi wa lami na weupe mchafu kama chokaa ya zamani. Alichanganya, akapaka kwenye kipande cha jasi, akalinganisha, akamwaga, akaanza upya. Labda wanakwenda kwenye nchi ya mawe, aliwaza. Alipaka kijivu kwanza, kisha akaweka mabaka kwa brashi nyembamba kama unywele, moja baada ya jingine, na kila lilipokauka akapitisha juu yake brashi karibu kavu ili mikunjo ya nguo itokeze.

Mdogo wake alifika Jumamosi bila kuaga kambini kwamba anakwenda kwao. Ndivyo alivyosema, kisha akaonekana kujuta kusema. Mama alimpikia, akaacha nusu sahani. Aliketi amegeukia mlango. Dada yake alipomfunua askari mezani aendelee na kazi, kijana aliinuka.

"Nani kakupa hii?"

"Mteja. Kwani una wivu? Nitakuchonga na wewe, ila hicho kitambi kitanimalizia nta."

Hakucheka. Alimchukua askari kwa vidole viwili, akamgeuza. "Redio inakaa bega la kushoto," akasema taratibu. "Na hapa kiunoni umeacha nafasi."

"Picha haioneshi vizuri. Kuna kitu kama fagio."

"Ni kamba za plastiki. Za kufunga mikono."

"Vitani mnafunga watu kwa kamba za mizigo?"

Alimrudisha askari mezani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Dada, mpeleke mama kwa shangazi. Kabla mwezi haujaisha."

"Kwa wifi yangu?" Mama alidakia kutoka jikoni. "Yule anakoroma mpaka kuku wanadhani kumekucha! Mimi sitoki hapa. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Kubadilisha hewa tu."

Kesho yake asubuhi kijana alimkumbatia mama yake kwa muda uliozidi wa kuaga. Mama Meno alimfuata hadi kwenye kona ya barabara, akamshika mkono wa shati.

"Wanakupeleka wapi, mdogo wangu?"

Aliangalia huku na huku. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Hatuendi mbali, dada," akasema, akajitoa mkononi mwake na kuondoka.

Mama Meno alirudi mezani, akahamishia redio bega la kushoto. Alikata nyuzi za brashi ya meno, akazifunga fungu, akazining'iniza kiunoni. Kisha akafanya anachofanya kila rangi inapokamilika: akambeba askari hadi dirishani amwone kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya karakana hudanganya.

Alimnyanyua, akafumba jicho moja.

Askari hakuonekana.

Alifumba na kufumbua. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ukuta wa nyumba ya muuza mkaa, saruji ambayo haikumaliziwa, imezibwazibwa kwa matofali, chokaa ya zamani imebanduka, na chini yake lami. Goti lilikuwa limezama kwenye lami. Bega lilikuwa limezama kwenye saruji. Kilichobaki hewani kilikuwa mtutu wa bunduki, umeelekezwa kwenye mlango ambao watoto wa muuza mkaa walikuwa wakiingia na kutoka.

Akamshusha. Akamlaza kifudifudi mezani, akamfunika. Ilibidi angoje mpaka jioni ndipo aweze kumpaka macho.

Meja alikuja bila gari lake la kawaida na bila sare. Alimtazama askari pande zote, akaguna kwa kuridhika, na kabla hajaambiwa kitu akaenda naye dirishani. Akamnyanyua. Akafumba jicho moja.

"Kamili," alinong'ona.

Mama Meno alijishughulisha na kusafisha brashi ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Ile nyumba ya mbele," Meja aliuliza, bado akitazama nje, "ina mlango wa nyuma? Mtu anaweza kupita mpaka barabara ya pili?"

"Hakuna njia. Nyuma ni ukuta mtupu."

"Una hakika?"

"Nimezaliwa hapa, Meja."

Meja alimlaza askari kwenye boksi, juu ya pamba, akalifunika. Mlangoni akageuka. "Una ndugu kwetu, nimeambiwa. Kijana mtulivu. Huwa anawasimulia kazi?"

"Yule?" Alijilazimisha kucheka. "Salamu yenyewe anaitoa kwa shida. Akija anakula, analala, anaondoka. Mama anasema tungefuga paka tungepata mazungumzo zaidi."

Meja alimtazama kidogo, akatabasamu kwa yale meno, akaenda. Mama Meno alisimama pale pale mpaka nyayo zake zisisikike tena. Halafu akavua aproni, akavuka barabara.

Muuza mkaa alikuwa anapima debe. "Karibu, Mama Meno! Nimebakiza magego tu, usinitamani."

"Kile kichochoro chako cha nyuma kimezibwa na nini?"

"Na uvivu wangu. Magunia, viti vibovu, friji la marehemu mjomba. Kwani?"

"Tukizibue. Sasa hivi."

"Kuna nini?"

Alimfikiria mdogo wake, na midomo yake iliyokauka. "Panya," akasema.

"Panya wapo hapa tangu enzi za babu."

"Hawa ni wengine."

Muuza mkaa alimtazama usoni. Aliweka debe chini, akaita wanawe, akaita na jirani wa pembeni. Walitoa viti, wakatoa magunia, wakalisukuma friji mpaka likatoa kilio kwenye sakafu. Mama yake Mama Meno alitokea akiwa na fagio, akawatazama wote mmoja mmoja, akainama na kuanza kufagia vumbi jeusi.

Kipande cha mwisho cha bati kiliondolewa. Mwanga wa barabara ya pili ukaingia hadi miguuni mwao, na upepo ukaanza kupita.