Joho la Mwenyekiti

Mjane mmoja alikuwa fundi cherehani, na hakuwa mtu wa kusahau. Mumewe alipohamia kanisa la mkewe la kilokole, ndugu zake walimnunia. Alipofariki, kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa la familia, aliziba mlango wa kanisa.

"Alituacha mwenyewe. Haingii."

Jeneza likakaa juani kwa saa tatu nzima, mpaka walokole walipokuja kulichukua.

Miaka minne baadaye shemeji huyo akaingia dukani na kitambaa cheupe kwapani, meno yote nje. Makanisa yote ya mji yangesali pamoja, na mwenyekiti ni yeye.

"Shemeji, nishonee joho. Ya kale tuyaache, sote ni wa Kristo."

"Tangu lini?"

Akakohoa. "Tangu viongozi wakubaliane."

"Haya, simama nikupime."

Joho likatoka la kupendeza, kola imekaa, pindo limenyooka. Mikono tu ndiyo aliyoipiga bandi, ule mshono wa kushikiza kwa muda, akaipiga pasi isijulikane.

Siku ya ibada mjane alikaa mstari wa mbele. Shemeji akainua mikono kuombea umoja. Mshono wa kulia ukaachia, kisha wa kushoto, na fulana iliyotoboka kwapani ikawa hadharani. Watoto wakaanza kucheka, wakubwa wakafuata. Mjane alicheka mpaka akashika mbavu.

Ghafla mchungaji wa kanisa la mjane mwenyewe akavua joho lake, akamvika shemeji. Makofi yakalipuka. "Huu ndio umoja!" Mjane akaacha kucheka.

Kesho yake shemeji akarudi dukani na joho lile ndani ya mfuko.

"Ulikusudia."

"Nilikusudia. Ndugu yako alikaa juani saa tatu. Wewe umeaibika dakika moja, tena ukafunikwa. Bado hatujalingana."

"Unataka nini?"

"Jumapili simama mlangoni pale ulipoziba, useme ulichomfanyia."

"Mbele ya watu wote?"

"Yeye ulimkatalia mbele ya nani?"

Shemeji akachukua mfuko wake, akaondoka. Jumapili ile hakusimama, wala iliyofuata.

Basi mjane akaanza kusema mwenyewe. Kila mteja aliyekuja kupimwa, wa dhehebu lolote, alisimuliwa habari ile tangu mwanzo, futi ikiwa imemzunguka kiunoni, hana pa kwenda. Mwaka haujaisha, shemeji akawa anapita barabara ya nyuma.