Wembe Shingoni mwa Mjomba

Kinyozi alitoka kituo cha afya asubuhi hiyo akiwa amekunywa methadoni, dawa yake ya kuachia heroini, mbele ya nesi, kama kila siku, ndipo akaja kuvaa aproni. Unga wa kulevya aliuacha mwaka jana. Alichokuwa akikitaka sasa ni kiti chake cha zamani katika saluni ya mjomba wake.

"Huyu teja hanigusi shingo," dalali aliyekuwa akingoja kunyolewa akasema, pumzi ikinuka bia. "Serikali inawapa dawa juu ya dawa, tena kwa kodi yangu!"

"Kodi gani, wewe unayemkimbia mwenye nyumba?" mshona viatu akamchokoza. Watu wakacheka, ila hakuna aliyekaa kwenye kiti anyolewe.

Mjomba akajikuna kidevu. "Mpwa wangu, unaona mwenyewe. Wakikukataa, kiti sina cha kukupa."

"Kaa wewe, mjomba. Nikunyoe mbele yao. Mkono ukitetemeka, naondoka bila kufukuzwa."

Mjomba akakaa, kwa shingo upande. Kinyozi akampaka povu, akafungua wembe mpya, akaanza. Mkono ulitulia tuli. Lakini chini ya vidole alisikia mshipa ukidunda mbiombio, akaelewa kwamba mtu aliyemlea alikuwa anamwogopa. Akajikaza. Shavu moja likatoka safi. Alipoteremka kooni, mjomba akamdaka mkono.

"Basi. Nitamalizia mwenyewe."

Akasimama mbele ya kioo na wembe, vidole vikimcheza, akajikata chini ya taya. Damu ikachirizika kwenye povu.

Papo hapo mama wa duka la jirani akachungulia mlangoni. "Mungu wangu! Si niliwaambia? Teja kamchinja mtu!"

Dalali akatazama viatu vyake. Mshona viatu akakohoa. Wote walikuwa wameona, na wote wakauchuna. Kinyozi akamkazia mjomba macho kwenye kioo.

"Nimejikata mwenyewe," mjomba akasema hatimaye.

"Unamkingia kifua kwa sababu ni mtoto wa dada yako! Leo nawaambia mtaa mzima."

Mjomba akamgeukia dalali, labda atasema neno. Dalali akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Vua aproni, mwanangu."

"Mkono haukutetemeka, mjomba."

"Najua. Vua."

Akaivua, akaitundika, akaelekea mlangoni. Hata hajavuka mlango, dalali alikuwa ameshawahi kile kiti, ameinua kidevu, anamngoja mjomba, ambaye vidole vilikuwa bado vinamcheza.