Maji ya Mkono wa Rahma

Twaha alikuwa mtu wa maji. Bondeni kwao, chini ya Soni, hakuna aliyeweza kukausha tuta lililotuamisha maji kama yeye. Anatazama mara moja, anapiga jembe pale pale panapotakiwa, na kufika adhuhuri kabichi zimeshapata ahueni. Majirani walimwita kila masika, naye hakuwa mtu wa kukataa sifa. Ndiyo maana siku alipoambiwa kwamba mkono wa mkewe umejaa maji, hakuogopa hata kidogo. Aliona hilo analiweza.

Rahma alikuwa ameondolewa titi la kushoto mwaka uliotangulia, kwa sababu ya saratani. Kidonda kilipona vizuri, lakini mkono wa upande ule ukaanza kujaa, bangili ikambana, mwisho hata mkono wa gauni ukawa haupiti. Hospitalini Lushoto walipokewa na Evelina, muuguzi kijana aliyewaamkia shikamoo wote wawili kabla ya kuuliza lolote, na Twaha akampenda papo hapo. Evelina akamvua Rahma bangili na viatu, akampandisha pekupeku juu ya mashine iliyofanana na mizani, akamshikisha vishikio viwili. Mashine ikapitisha umeme mdogo usiosikika mwilini, ikapima kila kiungo peke yake: nyama kiasi gani, mafuta kiasi gani, maji kiasi gani. Karatasi ikatoka.

"Mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa nusu lita ya maji na ushee," Evelina alisema. "Karibu uvimbe wote ni maji, mama, na hiyo ni habari njema. Tezi za kwapani zilitolewa pamoja na titi, njia ya maji ikakatika. Nitakupa soksi ya mkono ya kubana, na nitakufundisha kuuchua taratibu kuelekea juu. Uje kila mwezi. Na mkono huu usichomwe sindano, usikatwe, usiungue."

Twaha alikuwa ameishika karatasi. Nusu lita! Nusu lita anaijua, ni chupa ndogo ya mafuta ya kula. Hayo mengine yalimpita.

Soksi ilivaliwa wiki tatu. Kila asubuhi Twaha aliupima mkono kwa macho, na kila asubuhi aliuona uko vilevile. Kwake yeye maji yaliyoziba hayasubiriwi, yanafunguliwa njia. Akapanda Mlola kumfuata Mzee Rajabu, mpiga chuku, ambaye kwa pembe zake za ng'ombe amewatoa watu wengi damu chafu na hakuna aliyemlalamikia, au waliokwenda kulalamika hawakumkuta nyumbani.

"Sista alisema nisikatwe," Rahma alisema, alipoziona pembe na wembe.

"Alisema habari za sindano. Mzee hana sindano. Ni chale ndogo tu, mke wangu, halafu pembe inavuta."

Kwa miaka ishirini na sita Rahma hakuwahi kuona maji yaliyomshinda mumewe. Akanyoosha mkono.

Zilichanjwa chale saba. Maji yakatoka kweli, mepesi, ya manjano, na Twaha akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi na kumshukuru mzee kwa jogoo. Siku ya tatu mkono ulikuwa mwekundu mpaka begani, na Rahma anatetemeka kwa homa, haitambui nyumba wala watu. Alilazwa zaidi ya wiki mbili. Twaha alikwenda na kurudi, mara ng'ombe, mara uji wa mgonjwa, na njia nzima alikuwa akiomba aachiwe mtu wake tu, mkono basi. Akaachiwa mtu wake.

Miezi minne baadaye Rahma alisimama tena pekupeku juu ya mashine. Mkono ulikuwa mgumu, ngozi imekuwa nene, ukibonyeza kwa kidole hapabonyei. Evelina aliisoma karatasi kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kisha akayagusa makovu, moja moja, mpaka la saba.

"Wodini uliandikisha kwamba ulijikata kwa mundu."

"Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe," Rahma alisema.

"Mundu haukati mara saba kwa mstari, mama."

"Basi nilijichanja mwenyewe. Tuendelee na kipimo."

Twaha alitazama sakafu. Kunyamaza kulikuwa rahisi, mkewe alikwisha kumtengenezea pa kujificha. Lakini kumwona Rahma anasemwa kama mtoto kwa kosa lisilo lake kulimchoma.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilimleta mpiga chuku. Niliambiwa ni maji, nikataka yatoke."

Rahma alifumba macho. "Nyamaza, Twaha," alimwambia kwa Kishambaa.

Hakunyamaza. "Sasa niambie, sista. Yatatoka lini?"

Evelina hakufoka. Afadhali angefoka. Aliziweka karatasi mbili mezani, ya zamani na ya leo.

"Baba, hii ya kwanza yote yalikuwa maji. Mkono ungeshuka. Kwa soksi na kuuchua, saa hizi mama angekuwa anajifunga kanga kwa mikono yake miwili. Hii ya leo, maji ni kidogo. Kilichobaki kimeganda, ni mafuta na nyama ngumu, na hakitoki. Tutazuia usiongezeke, basi."

Twaha akauliza tena, kana kwamba hakusikia. Akajibiwa yale yale, polepole.

Nje, Rahma aliketi kwenye benchi, mkono ameulaza pajani. Twaha alipiga magoti kumvalisha viatu, akashindwa kufunga kamba, akalia pale pale watu wakipita.

"Ulidanganya ili nisigombezwe," alisema.

"Mtu mzima ugombezwe nini." Rahma alimfuta uso kwa mkono wa kulia. "Daktari wa wodini aliniambia yote siku ile ulipokwenda kulisha ng'ombe. Kwamba mkono ungepona kama usingekatwa. Nilijua wakishajua ni wewe utauliza, na wao watakujibu. Nilitaka usijue."