Umeona Wapi Mwenye Njaa Anacheua?

Uwesu alishamwambia dada yake Naima kwamba gari lina njaa. Alimwambia asubuhi, akamwambia tena baada ya chai, na bado pikapu ilikuwa inatetemeka pale uani Nkuhungu kama mtu mwenye malaria.

"Njaa gani? Si tumejaza tenki jana?"

"Sio tenki, dada. Injini. Hewa nyingi, mafuta kidogo. Cheki hapa."

Akamgeuzia laptop. Skrini inaandika kumi na saba, yaani hewa kumi na saba kwa mafuta moja. Yeye anaitaka kumi na nne na ushee.

Kontroli boksi ya zamani, ule ubongo wa injini, iliungua. Fundi Khalidi alikuwa nayo ya mtumba, unachomeka unaondoka. Lakini Uwesu kamaliza fomu siksi, yuko tu nyumbani, na kukaa kitako hawezi. Akambembeleza dada mpaka akachoka kukataa: tufunge ya kisasa, mafuta unayapanga mwenyewe kwa kompyuta. Naima akakubali kwa sharti. Zabibu zake zilikatwa alfajiri kule Hombolo, zinamngoja kwenye kreti. Adhuhuri ikifika gari halijatulia, Khalidi anakuja kuing'oa afunge yake, na Uwesu hagusi tena hata waya.

Basi akaongeza mafuta. Kumi na saba. Akaongeza tena. Ikashuka kidogo, ikarudi pale pale. Akakanyaga, na moshi mweusi ukatoka huko nyuma ukaenda kutua kwenye mashuka ya mama Bupe, jirani, aliyoanika muda si mrefu.

"We Uwesu!" Naima kaziba pua na mtandio. "Umeona wapi mwenye njaa anacheua? Hilo limevimbiwa!"

"Dada, mashine haidanganyi."

"Haya, iambie ikanibebee zabibu."

Uwesu akacheka, halafu kicheko kikakatika. Kucheua. Akazima, akafungua plagi moja. Nyeusi tii, imelowa, inanuka petroli. Plagi inasema kashiba, skrini inasema ana njaa. Hapo lazima mmoja muongo.

Skrini inapata habari zake kwa sensa iliyo kwenye bomba la moshi. Akaingia uvunguni. Kwenye maungio, juu kidogo ya sensa, masizi yametapakaa. Bomba linavuja! Hewa ya nje inapenya hapo, sensa inainusa, inadhani imetoka kwenye injini. Na gasketi ya kuziba hapo? Iko kwenye mfuko wake wa dukani, haijafunguliwa. Jana, alipofungua bomba kufunga sensa, alikuwa na haraka ya kuwasha laptop.

Akaifunga gasketi, bomba likiwa bado la moto, akaungua vidole viwili. Akasafisha plagi, akawasha. Kumi! Kumbe muda wote alikuwa anamlisha aliyeshiba. Akapunguza mafuta, safari hii taratibu, mpaka kumi na nne na ushee. Mtetemo ukaisha. Akakanyaga, moshi hakuna.

Khalidi akaingia na boksi lake kwapani. "Asalaam aleikum. Nasikia kuna mgonjwa."

"Kapona," Uwesu akadakia.

"Alikuwa na nini?" Naima akauliza.

Angeweza kusema sensa mbovu. Ilishamfika mdomoni kabisa.

"Gasketi. Sikuiweka."

Khalidi alicheka mpaka akakalia tairi. "Kompyuta yote hiyo, dogo! Gasketi!"

Naima hakucheka. Alilichukua lile boksi kwa Khalidi, akalitia nyuma ya kiti.

"Hili tunakwenda nalo. Gari likizima njiani, utalifunga wewe, hapo hapo juani, na ndio mwisho wako. Panda."

Halikuzima wakati wa kwenda Hombolo. Wakati wa kurudi, kreti zimejaa mpaka juu, wakakuta mwinuko, injini ikanguruma, na namba kwenye skrini ikaanza kucheza. Kidole cha Uwesu kikasogea kwenye laptop mapajani.

"Usiguse," Naima akasema, macho barabarani.

Hakugusa. Pikapu ikapanda.